Philly Lutaaya: Mwanamuziki aliyeupa Ukimwi sura ya binadamu

KILA Desemba inapobisha hodi jijini Kampala, sauti ya mtu aliyefariki zaidi ya miongo mitatu iliyopita husikika tena madukani, kwenye teksi za abiria na redioni. Ni sauti ya Philly Bongoley Lutaaya, ambaye nyimbo zake za Krismasi zimekuwa sehemu ya sikukuu hiyo nchini Uganda sawa na matoke na nyama ya kuku mezani.

Wengi wa vijana wanaozicheza nyimbo hizo hawakuwa wamezaliwa alipokata roho mnamo Desemba 15, 1989, siku kumi tu kabla ya Krismasi. Huenda hata hawajui kwamba mwimbaji huyo aliitumia miezi minane ya mwisho ya maisha yake kufanya jambo ambalo hakuna mtu mashuhuri nchini mwake aliyekuwa amethubutu kulifanya. Alisimama hadharani na kukiri kwamba alikuwa ameambukizwa virusi vya Ukimwi.

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Lutaaya alijua kuwa kifo kilikuwa njiani. Alichokataa ni kuumbuliwa. Aliamua kuutangaza ugonjwa wake mwenyewe, kwa kinywa chake, ili wengine wapate funzo yeye akiwa bado hai.

Lutaaya alizaliwa Oktoba 1951. Aliacha shule kabla ya kukamilisha masomo ya sekondari akafuata muziki, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960 tayari alikuwa ameanza kujipatia riziki kwa sauti yake. Kazi hiyo ilimfikisha Congo, ambako muziki wa rumba ulikuwa umeshika kasi, kisha akavuka mpaka na kuingia Kenya.

Hiyo ilikuwa miaka migumu kwa wasanii wa Uganda. Idi Amin alitwaa mamlaka Januari 1971, na kadiri utawala wake ulivyozidi kuwa wa mkono wa chuma ndivyo mabaa na kumbi za Kampala zilivyozidi kupoteza wateja na wanamuziki. Nairobi ikawa kimbilio. Waganda kadhaa walijiunga na bendi zilizotumbuiza katika hoteli na vilabu vya jiji letu, na Lutaaya alikuwa mmoja wao.

Katika miaka ya 1980 alihamia Sweden na kufanya makao jijini Stockholm. Huko ndiko alikorekodi albamu ya Born in Africa, iliyompandisha kutoka mwanamuziki anayejulikana hadi nyota wa taifa. Kanda zake zilipofika Uganda, nchi ilikuwa ndiyo kwanza inajikwamua kutoka katika vita. Jeshi la Yoweri Museveni lilikuwa limeingia Kampala Januari 1986, na wananchi waliochoshwa na milio ya risasi walikuwa na kiu ya nyimbo za kurejea nyumbani, mapenzi na matumaini. Lutaaya aliwapa nyimbo hizo. Albamu yake ya Krismasi, aliyoimba zaidi kwa Kiganda, iliingia katika nyumba za matajiri na maskini.

Lakini wakati Waganda wakisherehekea amani, adui mwingine alikuwa amekwisha kupiga kambi.

Mwaka wa 1982, madaktari walianza kuona wagonjwa wa ajabu katika kijiji cha wavuvi cha Kasensero, kilichokuwa wakati huo katika wilaya ya Rakai kwenye ufuo wa Ziwa Viktoria karibu na mpaka wa Tanzania. Wagonjwa hao walikonda, wakaharisha kwa miezi na hatimaye kufa. Baadhi ya wanakijiji walidhani ni uchawi uliotumwa na wafanyabiashara wa ng'ambo ya mpaka waliokuwa wamedhulumiwa mali yao. Wengine waliuita siliimu, jina la Kiganda lililotokana na jinsi mgonjwa alivyonyauka. Upande wa pili wa mpaka, mkoani Kagera, watu waliupa jina la Juliana, lililokuwa jina la aina ya kitambaa kilicholetwa na wachuuzi.

Mwaka wa 1985, madaktari wa Uganda pamoja na wenzao wa Uingereza walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba siliimu ulihusiana na virusi vilevile vilivyokuwa vikiwaua watu Marekani na Ulaya. Mwaka uliofuata, serikali mpya ya Uganda ilitangaza mbele ya mkutano wa afya duniani kwamba ilikuwa na Ukimwi na ilihitaji msaada. Serikali nyingi za Afrika wakati huo zilikuwa zikikanusha, zikihofia kupoteza watalii na heshima.

Kampeni ikaanza. Redio ya taifa ilipiga ngoma ya taratibu, ile inayoashiria hatari, kabla ya kila tangazo la Ukimwi. Mabango yalibandikwa. Viongozi walitumia lugha ya wafugaji, wakimfananisha mtu mwaminifu katika ndoa na ng'ombe anayeshiba nyasi za boma lake bila kuzurura malishoni kwa wengine.

Juhudi hizo zilikuwa na pengo moja kubwa. Kila mtu alikuwa amesikia kuhusu ugonjwa huo lakini hapakuwa na aliyekiri kuwa nao. Mgonjwa alifichwa katika chumba cha nyuma. Akifa, jamaa walisema ni malaria, kifua kikuu au mkono wa mtu. Bango lilimwonyesha mwananchi fuvu la kichwa na mifupa, ilhali jirani aliyeambukizwa alionekana mnene na mwenye tabasamu. Hivyo, watu waliliogopa bango na hawakuuogopa ugonjwa.

Kulikuwa na walioanza kuliziba pengo hilo. Mwaka wa 1987, Noerine Kaleeba, ambaye mumewe Christopher alikuwa amefariki kutokana na Ukimwi Januari mwaka huo, aliungana na kikundi kidogo cha watu, wengi wao wakiwa wameambukizwa, wakaanzisha shirika la TASO ili kuwatunza na kuwashauri waathiriwa na familia zao. Kazi yao ilikuwa ya thamani kubwa, lakini wengi wa waliosaidiwa hawakuwa na uwezo wa kujitokeza. Aliyejulikana kuwa na virusi angeweza kufukuzwa kazini, kunyimwa nyumba ya kupanga au kutengwa na ndugu zake.

Hapo ndipo Lutaaya alipoingia. Alikuwa ameugua na kubaini hali yake akiishi Sweden. Angeweza kabisa kubaki huko. Stockholm ilikuwa na hospitali ambazo Kampala ya wakati huo haingeweza kuziota, na hakuna shabiki hata mmoja ambaye angejua kilichomsibu. Angekufa kimyakimya, mwili ungerejeshwa nyumbani na magazeti yangeandika kuwa gwiji ameaga baada ya kuugua kwa muda.

Badala yake, alirudi Uganda na mnamo Aprili 1989 akautangazia umma kwamba alikuwa na Ukimwi. Alikuwa na umri wa miaka 37.

Ni vyema kukumbuka uzito wa tangazo hilo kwa wakati ule. Dawa ya kwanza ya kupambana na virusi hivyo, AZT, ilikuwa imeidhinishwa Marekani mwaka wa 1987 kwa bei ya maelfu ya dola kwa mwaka, fedha ambazo mwalimu au muuguzi wa Afrika Mashariki hangeweza kuzipata kwa mshahara wa miaka mingi. Tiba ya kuchanganya dawa, ambayo ingegeuza mkondo wa ugonjwa huu, haikupatikana hadi mwaka wa 1996. Kwa hivyo, kusema una Ukimwi mwaka wa 1989 kulikuwa sawa na kusoma hukumu yako mwenyewe mbele ya hadhira.

Alichopata kwanza hakikuwa huruma. Watu hawakumwamini.

Walimtazama wakaona mwanamume mtanashati, aliyevalia vizuri, anayetembea na kuimba. Wakasema anatafuta umaarufu ili auze albamu mpya. Wengine walinong'ona kwamba amelipwa na serikali au na mashirika ya kigeni ili awatishe vijana. Iliingiaje akilini mwao kwamba mtu anayefanana na wao, tena anayependeza kuliko wao, angekuwa ameambukizwa ugonjwa wa watu waliokonda?

Kutoaminiwa huko kulimuumiza, lakini ndani yake ndimo mlimokuwa na somo ambalo mabango yalishindwa kulifunza. Virusi hivi vinaweza kukaa mwilini kwa miaka kadhaa bila dalili yoyote. Anayeviambukiza mara nyingi hajijui na haonekani mgonjwa. Kila aliyebisha kwamba Lutaaya hawezi kuwa na Ukimwi kwa kuwa ana afya alikuwa akikiri, bila kujua, kwamba yeye mwenyewe alikuwa akiwachagua wapenzi wake kwa kuwatazama kwa macho tu.

Lutaaya hakurudi nyuma. Alizunguka sehemu mbalimbali za nchi akizungumza katika shule, vyuo na makanisa. Aliwatembelea wagonjwa hospitalini. Aliwaeleza wasikilizaji wake jinsi virusi vinavyosambazwa na jinsi visivyosambazwa, kwamba kusalimiana kwa mkono au kula meza moja na mgonjwa hakuambukizi. Aliwasihi vijana wasifuate nyayo zake. Vilevile aliwataka watu wasiwatupe wagonjwa wao, kwani mgonjwa wa Ukimwi anahitaji kushikwa mkono kama mgonjwa mwingine yeyote.

Katika nchi ambako wengi waliuona ugonjwa huo kuwa adhabu ya Mungu kwa wazinzi, kumpa mwathiriwa nafasi ya kuzungumza mbele ya waumini halikuwa jambo jepesi. Padri au mchungaji aliyemfungulia mlango alikuwa naye anajiweka hatarini. Hata hivyo, milango kadhaa ilifunguliwa.

Alifanya pia kile alichokijua zaidi. Alirekodi wimbo wa Alone, unaozungumzia upweke na hofu ya mtu anayeishi na Ukimwi na kuwaita watu wote kushikamana dhidi ya janga hilo. Wimbo huo ulikuwa mzito na wa taratibu, tofauti na vibao vyake vya kucheza. Ulipigwa redioni kwa miaka mingi, na kwa Waganda wa kizazi kile, noti zake za kwanza tu zinatosha kuwarejesha katika siku ambazo kila mtaa ulikuwa na matanga.

Miezi ilivyosonga, shaka ilianza kuyeyuka kwa namna ya kusikitisha. Mashavu yalibonyea, nguo zikampwaya na hatua zake zikawa za mzee. Wale waliomwita mwongo mwezi wa Aprili walijionea wenyewe kabla ya mwaka kwisha. Aliwafunza kwanza kwamba mwenye afya anaweza kuwa na virusi. Sasa mwili wake ukawafunza la pili, kwamba Ukimwi unaua na hauogopi jina wala fedha.

Watengenezaji filamu wa kigeni waliandamana naye katika ziara hizo na hadi siku zake za mwisho. Kazi yao, iliyopewa jina la albamu yake maarufu, ilionyeshwa na televisheni ya umma ya Marekani mwaka wa 1990. Imetumiwa tangu wakati huo katika mafunzo ya afya, kwani ni nadra kumpata mtu aliyeruhusu kamera kukitazama kifo chake ili wasiomjua wapate kuishi.

Lutaaya alifariki akiwa na umri wa miaka 38. Mazishi yake yalikuwa ya kitaifa kwa hisia, na kwa Waganda wengi yalikuwa ya kwanza ambapo sababu ya kifo ilitajwa waziwazi bila mtu kuinamisha kichwa.

Baada ya kifo chake, kuliundwa mpango uliobeba jina lake, ambao uliwaandaa watu walioambukizwa kwenda shuleni, kazini na katika nyumba za ibada kusimulia maisha yao. Mbinu hiyo ilikuwa rahisi. Badala ya afisa wa afya kusoma takwimu, mtu wa kawaida alisimama mbele ya wanafunzi, akawaambia jina lake na hali yake, akajibu maswali yao. Huduma za kupimwa kwa hiari nazo ziliimarika Kampala kuanzia mwaka wa 1990, na waliotaka kujua hali zao walipata mahali pa kwenda.

Matokeo yalionekana. Katika kliniki ya akina mama wajawazito ya Hospitali ya Nsambya jijini Kampala, kiwango cha maambukizi kilichokuwa karibu asilimia 30 mwaka wa 1992 kilishuka hadi asilimia 13 hivi mwaka wa 1998. Kitaifa, maambukizi miongoni mwa watu wazima yalipungua kutoka takriban asilimia 15 mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi zaidi kidogo ya asilimia 6 katikati ya muongo uliofuata.

Itakuwa kosa kumpa mtu mmoja sifa zote za mabadiliko hayo. Kulikuwa na uongozi wa serikali, kazi ya TASO na mashirika mengine, na mabadiliko ya mienendo ya wananchi wenyewe. Ni lazima pia isemwe kwa uchungu kwamba sehemu ya upungufu huo ilitokana na wingi wa waliokufa. Hata hivyo, wataalamu waliochunguza mafanikio ya Uganda wametaja mara kwa mara jambo moja, kwamba Waganda walizungumza kuhusu Ukimwi na jamaa na marafiki zao waziwazi kuliko majirani zao. Mazungumzo hayo yalihitaji mtu wa kuyaanzisha.

Sisi Wakenya tunayo sababu ya kutafakari hayo. Kisa cha kwanza cha Ukimwi nchini kiliripotiwa mwaka wa 1984, lakini ilichukua hadi Novemba 1999 kwa Rais Daniel arap Moi kuutangaza ugonjwa huo kuwa janga la kitaifa. Lutaaya alikuwa amekwisha kulala kaburini kwa karibu miaka kumi. Wakati wa tangazo hilo, ilikadiriwa kuwa Ukimwi ulikuwa ukiua Wakenya wapatao 500 kila siku.

Tuliohariri kurasa za magazeti miaka ya 1990 tunakumbuka matangazo ya vifo ya nyakati hizo. Picha zilikuwa za vijana wa miaka 28, 30 au 35: walimu, makarani, madereva wa masafa marefu, mume leo na mke baada ya miezi minane. Maneno yalikuwa yaleyale, kwamba marehemu aliaga baada ya kuugua kwa muda mrefu au ghafla baada ya kuugua kwa muda mfupi. Tulisahihisha tahajia na kupeleka kurasa mtamboni. Ukweli haukuwa kosa la tahajia, hivyo hakuna aliyeugusa.

Hata hapa kwetu walikuwapo majasiri. Joe Muriuki, anayetajwa kuwa Mkenya wa kwanza kujitangaza hadharani, alipata habari za hali yake katika miaka hiyohiyo ya 1980 na akatumia maisha yake yaliyosalia kuhamasisha umma na kuwatetea walioambukizwa. Tofauti yake na Lutaaya ni kwamba aliishi hadi mwaka wa 2022. Dawa zilimkuta akiwa hai.

Tofauti hiyo ndiyo inayofaa kuwatuliza na pia kuwashtua wanaosoma kisa cha mwanamuziki huyu leo. Mtu anayegundulika kuwa na virusi siku hizi, akianza dawa mapema na kuzimeza kila siku bila kukosa, anaweza kuishi hadi uzeeni. Virusi vikipungua mwilini mwake hadi vishindwe kuonekana katika vipimo, hamwambukizi mwenzake kupitia ngono. Mama mjamzito aliyeambukizwa, akipata matibabu yanayofaa, anaweza kujifungua mtoto asiye na virusi. Mambo haya yote yangeonekana kuwa ndoto mwaka wa 1989.

Hata hivyo, dawa humfaa aliyekwenda kupimwa, na woga ule uliowafanya watu wamwite Lutaaya mwongo haujatoweka. Bado wako wanaozificha dawa zao ndani ya mkebe wa majani chai, wanaosafiri hadi kaunti nyingine kuzichukua ili wasionekane na jirani, na wanaoziacha kabisa kwa kuhofia mchumba. Kijana ambaye hakuwahi kuona mgonjwa akinyauka hudhani kuwa Ukimwi ni hadithi ya wazazi wake.

Haina maana kwamba kila aliyeambukizwa analazimika kupanda jukwaani. Sheria ya Kenya ya mwaka wa 2006 kuhusu HIV na Ukimwi inalinda siri ya mgonjwa na kuharamisha ubaguzi dhidi yake, na ni haki hiyo iheshimiwe. Lutaaya mwenyewe hakulazimishwa na mtu. Alikuwa na jina, sauti na mashabiki, akaamua kuvitumia vyote kwa ajili ya wale wasiokuwa na sauti. Muuza mboga aliyejitangaza mwaka huo huenda angepoteza wateja wote asubuhi iliyofuata na asibadilishe chochote.

Ndiyo sababu deni lililosalia si la wagonjwa peke yao. Ni la wale wanaosikiliza. Lutaaya aliposema kweli, wengi wa waliomsikia waliitaka kwanza ithibitishwe na jeneza. Kipimo cha jamii iliyoelimika kuhusu Ukimwi ni kama mtu anaweza kuitaja hali yake kwa mkewe, kwa mwajiri au kwa mwalimu wake, akaaminiwa na kukumbatiwa akiwa bado na nguvu za kusimama.

Desemba ikifika, nyimbo zake zitapigwa tena. Watoto watacheza, wazazi watapika, na wachache wenye umri wa kukumbuka watanyamaza kidogo. Kabla sikukuu haijafika, kuna Desemba mosi, Siku ya Ukimwi Duniani. Ingekuwa heshima inayomfaa mwimbaji huyo iwapo anayezifurahia nyimbo zake angekwenda kwanza kupimwa.